Usaili ni Amana: Tulivyomwandaa Binti Yetu wa Nkoma



Ijumaa moja, mara baada ya swala, mzazi mmoja wa jamaa yetu hapa Nkoma, wilayani Itilima, alitusubiri mlangoni mwa msikiti akiwa na simu mkononi. Binti yake alikuwa ameandikiwa barua pepe na hospitali moja ya nchi ya kusini mwa Afrika. Ameitwa kwenye usaili wa mafunzo tarajali ya nyurosaikolojia, na usaili wenyewe ungefanyika kwa njia ya video baada ya siku 12. Tulidhani tutamkuta mzazi mwenye furaha, lakini alisema kwa sauti ya chini: “Katibu, mwaka jana aliitwa vivi hivi, akakosa. Tumeuza ng’ombe kumsomesha. Akikosa tena, sijui nitamwambia nini mama yake.”

Kamati yetu imezoea kushughulikia paa la madrasa, michango ya maziko na ratiba ya darsa. Usaili wa hospitali haukuwahi kuwa katika ajenda zetu. Hata hivyo, tulipoketi baada ya Isha tukakubaliana kuwa mtoto wa jamaa anapoitwa kujieleza mbele ya watu wageni, haifai kumwacha aende peke yake na maombi ya mzazi tu. Tunayaandika haya kwa idhini ya binti huyo na ya wote wanaotajwa bila majina, kwa kuwa tunaamini familia nyingine zitakutana na jambo kama hili.

Elimu yenyewe ni ipi

Nyurosaikolojia ni elimu inayotazama uhusiano kati ya ubongo na mwenendo wa mtu. Daktari wa upasuaji huangalia jeraha lilipo. Mwanasaikolojia wa ubongo huuliza jeraha hilo limemwondolea mtu uwezo gani na limembakishia upi. Je, anakumbuka alichoambiwa asubuhi? Anaweza kupanga kazi yenye hatua tatu? Anaelewa maneno lakini hawezi kuyatamka, au anayatamka bila kuyaelewa? Hupata majibu kwa kuzungumza na mgonjwa na ndugu zake, kwa kumpa mazoezi ya kupima kumbukumbu, umakini na lugha, kisha huandika taarifa itakayowaongoza madaktari, walimu na familia.

Binti yetu alimaliza shahada ya uzamili ya saikolojia tiba jijini Dar es Salaam. Alitaka kuendelea mbele katika tawi hili, na nafasi zake katika bara letu ni chache. Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi ambako mwanasaikolojia wa ubongo anatambuliwa na sheria kama fani inayojitegemea. Ndiyo maana vijana wa Afrika Mashariki hutazama nje, na ndiyo maana usaili wa nafasi moja huvuta waombaji wengi.

Asidhani mtu kuwa elimu hii haituhusu watu wa Simiyu. Tuna wazee waliopigwa na kiharusi. Tuna vijana wa bodaboda walioanguka wakapona majeraha ya nje, lakini wake zao wanasema aliyerudi nyumbani si yule aliyeondoka. Tuna watoto ambao malaria iliwapanda kichwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu watoto waliotibiwa Kampala, Uganda, ulionyesha kuwa miaka 2 baada ya kupona malaria ya ubongo, takribani mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika uwezo wa kufikiri. Mtoto kama huyo darasani huitwa mvivu au mtukutu, akachapwa kwa jambo ambalo si kosa lake.

Kwa nini alikosa mwaka jana

Tulimwita binti pamoja na baba yake, tukamwomba atueleze kwa uwazi kilichotokea katika usaili wa kwanza. Alitujibu kuwa alikariri. Alikusanya maswali 50, akayaandikia majibu kwa Kiingereza, akayahifadhi kama mwanafunzi wa madrasa anavyohifadhi juzuu. Wasaili walipomwambia, “Tueleze kuhusu mgonjwa mmoja uliyemhudumia,” alitoa maana ya ugonjwa kama ilivyo kitabuni. Walipouliza tena, alirudia maana ileile kwa maneno mengine. Alisema, “Niliona nyuso zao zimepoa, lakini sikujua nimekosea wapi.”

Tulianza kuelewa. Jopo linajua tayari kuwa mwombaji amesoma, maana vyeti vyake viko mbele yao. Wanachotafuta ni kumfahamu mtu watakayemkabidhi wagonjwa kwa mwaka mzima: anafikiri vipi, anasema kweli au anapamba, anajua mwisho wa elimu yake uko wapi, na anaweza kuongozwa. Katika lugha yetu sisi, wanapima uaminifu. Usaili wa namna hii ni mlango wa amana, na amana haikaririwi.

Tukapanga vikao vitatu katika chumba cha madrasa. Wasaili wetu walikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, tabibu wa zahanati, imamu wetu na mama mmoja mtu mzima ambaye hakusoma shule lakini amelea wagonjwa wengi. Mama huyu ndiye aliyetusaidia kuliko wote.

Kikao cha kwanza: mgonjwa mmoja na kosa moja

Tulimwagiza binti aandae simulizi tatu za wagonjwa, na kila moja aijengee hatua sita: nani alimleta mgonjwa na kwa swali gani, historia yake, alichokiona yeye mwenyewe, vipimo alivyotumia na kwa nini, alivyoelewa matokeo, na jinsi alivyoieleza familia. Mwalimu alimtaka aiseme kila simulizi kwa dakika 3, bila karatasi, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Utaratibu huo ulimfaa, kwa sababu mtu akishaelewa jambo kwa lugha ya nyumbani, la kigeni hutafuta maneno tu.

Simulizi yake ya tatu ilitushtua, kwani mgonjwa wake tulimjua. Ni mzee aliyekuwa mwadhini wetu kwa miaka mingi. Baada ya kiharusi mkono wake wa kulia ulilegea na ulimi ukafungwa. Hakuweza kuomba maji wala kumwita mkewe kwa jina. Lakini akianzishiwa Suratul Fatiha, aliisoma hadi mwisho bila kukosea. Wanawe walichanganyikiwa. Mmoja alidhani baba anajifanya. Mwingine alisema ni jini, maana vipi mtu asome Qur’ani kisha ashindwe kusema “maji”? Palikuwa na siku mtoto mkubwa alimkaripia baba yake, na mzee akalia.

Binti alipokuja likizo aliwaeleza jambo ambalo wataalamu wamelijua kwa muda mrefu. Mwaka 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alimchunguza mgonjwa mmoja karibu na Paris ambaye kwa miaka mingi alitamka silabi moja tu, “tan”, ingawa alionekana kuelewa aliyoambiwa. Alipofariki, Broca alikuta jeraha sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo. Tangu hapo ilifahamika kuwa uwezo wa kuunda maneno una makazi yake, na ukiharibika, akili ya mtu haipotei yote. Aidha, maneno yaliyozoeleka kwa miaka mingi, kama kuhesabu, salamu na dua, mara nyingi hubaki hata pale uwezo wa kutunga sentensi mpya unapoharibika. Mwadhini wetu hakuwa anajifanya. Alichokisoma maelfu ya mara kilikuwa kimebaki. Alichotaka kukisema upya ndicho kilichozuiwa.

Simulizi ilikuwa nzuri, na tulidhani kazi imekwisha. Ndipo tabibu akamuuliza swali ambalo majopo mengi huuliza: “Tueleze kosa ulilowahi kufanya.” Binti akajibu kuwa kosa lake ni kujituma kupita kiasi. Yule mama akacheka, akasema: “Mwanangu, hilo si kosa, hilo ni sifa umeivisha kanga. Kosa ni lile unalolikumbuka usiku.”

Binti alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kuwa siku ile alipowaeleza watoto wa mwadhini, alitaka kuwafariji, akawaahidi kuwa baada ya miezi mitatu baba yao angeongea kama zamani. Hakuwa na msingi wowote wa ahadi hiyo. Miezi mitatu ilipita, kisha sita, na mzee hajaongea. Tangu hapo alikuwa akipita njia nyingine ili asikutane nao.

Imamu hakumlaumu. Alimwambia tu: “Kabla hujawaeleza wageni jambo hili, nenda kawaeleze wenyewe.”

Alikwenda kesho yake asubuhi akiwa na baba yake. Baada ya shikamoo na chai alikiri kuwa aliahidi asichokijua, akaomba radhi, kisha akaomba ruhusa ya kuisimulia habari ya mzee kwenye usaili bila jina wala mahali. Mtoto mkubwa wa mwadhini alimjibu: “Sisi tulishajua kuwa hukujua. Tulikuwa tunakungoja uje.” Akaruhusu, kwa sharti kwamba ataendelea kuja kumwona mzee. Siku hiyohiyo binti alikaa nao, wakachora picha za maji, chakula, choo, dawa na msikiti kwenye kadi ngumu, ili mzee aonyeshe kwa kidole cha mkono wa kushoto anachokitaka. Tunaambiwa kadi ya msikiti ndiyo iliyochakaa mapema.

Kikao cha pili: kipimo na anayepimwa

Usiku wa pili swali letu kubwa lilikuwa hili: utampimaje mtu ambaye hakusoma shule? Vipimo vingi vya fani hii vilitungwa Ulaya na Marekani. Kimoja mashuhuri, chenye picha 60 za kutaja majina, kina nyumba ya barafu ya watu wa nchi za baridi kali. Kingine humtaka mtu aunganishe kwa kalamu namba na herufi kwa zamu. Mama yetu wa kamati, mwenye busara ya kuongoza ukoo, angeshindwa vyote viwili, na taarifa ingesema ubongo wake una kasoro.

Tulifurahi kujua kwamba jibu bora lilishatafutwa hapahapa Tanzania. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, takribani 6 kati ya kila 100 walikuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili uzeeni. Kutokana na kazi hiyo walitengeneza kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, mwanasaikolojia Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kinachotumia vitu vinavyopatikana katika mazingira ya huko. Na nchini Uganda, Paul Bangirana wa Chuo Kikuu cha Makerere amefanya kazi ya miaka mingi na watoto waliopona malaria kali.

Tulimwomba mama ataje wanyama kwa dakika moja. Alianza na ng’ombe, akaingia kwenye nyumbu, pofu na swala kana kwamba anatembea Maswa na Meatu, na mwalimu aliyekuwa akihesabu akapitwa. Binti akajifunza somo ambalo hakulipata kitabuni: kulelewa Nkoma, kujua Kisukuma na Kiswahili, na kufahamu mzee anavyohesabu mifugo yake, si upungufu wa kuufichaficha mbele ya jopo. Ni elimu ambayo mwombaji wa mjini hana.

Kikao cha tatu: swali la majini

Tulijua huenda akaulizwa: kwenu watu husema kifafa ni jini, wewe utafanya nini? Wako vijana wanaojibu kwa kuwacheka wazazi wao ili waonekane wasomi, na wako wanaokwepa. Imamu alimkumbusha habari iliyo katika Sahihi mbili, ya mwanamke aliyekuwa akianguka kwa kifafa, akamwendea Mtume (s.a.w.) kuomba dua. Habari zake zimehifadhiwa kwa heshima. Hakufichwa wala hakufanywa kichekesho. Alimtajia pia Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliyeandika kitabu kimoja kinachohusu afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja. Kutafuta tiba na kuomba dua havijawahi kugombana katika mila yetu.

Jibu alilolijenga mwenyewe lilikuwa fupi: atawasikiliza familia kwa adabu, hatabishana nao juu ya ghaibu, atawaeleza kile kinachoonekana katika ubongo na faida ya dawa, na atahakikisha mgonjwa haachi dawa zake wala hafungwi kamba. Na akiulizwa asilolijua, aseme “sijui”, kisha aeleze atakavyotafuta. Maimamu wakubwa walisema “sijui” bila haya. Itakuwaje mwanafunzi aogope?

Mambo madogo yanayoangusha wakubwa

Wazazi, msidharau mambo haya. Barua ilisema usaili ni “10:00”. Baba wa binti alisoma saa kumi, akapanga kumwachia nafasi baada ya Alasiri. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa nne asubuhi. Na kwa kuwa saa za nchi ile ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwetu ilikuwa saa tano asubuhi. Laiti hatukuuliza, angekosa nafasi akiwa amekaa nyumbani.

Mtandao wa Nkoma hauaminiki, na umeme hukatika. Alikwenda Bariadi siku moja kabla, akalala kwa shangazi yake, akiwa na laini mbili za mitandao tofauti zenye vifurushi, pamoja na pawabenki iliyojaa. Tulijaribu simu ya video usiku ule ili kuona mwanga na kusikia sauti. Alichagua hijabu ya rangi moja iliyopigwa pasi. Watoto wa nyumba ile walipelekwa kwa jirani, na jogoo mmoja akafungiwa stoo.

Aliandaa pia maswali yake manne ya kuwauliza wasaili: nani atamsimamia na mara ngapi kwa wiki, ataona wagonjwa wa aina gani, wasiozungumza Kiingereza hupimwa kwa lugha gani, na kama taarifa hurudishwa kwa familia kwa mdomo au kwa karatasi tu. Mwombaji asiye na swali huonekana hajali anakokwenda.

Tulipofikia

Usaili ulichukua dakika 40. Binti alitupigia simu akiwa bado anatetemeka. Alisema waliuliza kuhusu kosa, naye akawasimulia lile la ahadi na namna alivyorudi kuomba radhi. Mmoja wa wasaili alimuuliza sasa angewaambia nini watoto wa mzee. Alijibu kuwa angewaambia anachokijua, angewaambia asichokijua, kisha angebaki nao.

Mpaka tunaandika haya, majibu hayajatoka. Tunamwomba Allah amjaalie lenye kheri, na mzazi wake ametuambia kuwa safari hii, hata akikosa, anajua atamwambia nini mama yake: kwamba binti yao alisema kweli.

Kwa kamati nyingine za misikiti tunawausia jambo moja. Mnao vijana wanaoitwa kwenye usaili wa kazi, wa vyuo na wa mafunzo. Hamhitaji fedha kuwasaidia. Wapeni chumba, jioni tatu, na watu wazima wanne watakaowauliza maswali bila kuwaonea haya. Muwaulize hasa lile swali la mama yetu, kuhusu kosa linalokumbukwa usiku. Na kama kuna mtu wa kuombwa radhi, wamwendee kwanza.

Wabillahi tawfiq.